Namna ya Kuingia Nchi ya Miungu: Jibu kwa Mwandishi wa Riwaya ya Wahamishwa

Swali la msomaji: Ninaandika riwaya ya njozi kwa Kiswahili. Ndugu watano walionyang'anywa ufalme wao kwa hila, bila kosa lolote, wanaingia katika nchi ya miungu, ambako binadamu amekatazwa kukanyaga, ili wapate silaha ya kurudishia haki yao. Walioisoma rasimu wanasema marufuku yenyewe haiwatishi, na kwamba mara tu shujaa wangu anapowashinda walinzi wa lango, miungu nao wanaonekana wanyonge. Je, masimulizi ya kale yaliwezaje kumpitisha binadamu mahali palipokatazwa bila kuwadhalilisha miungu?

Jibu: Ndugu mwandishi, kisa chako kina mzee wake, na ni vyema umjue kabla hujaandika sura nyingine. Ndugu watano walionyang'anywa ufalme, wakaishi porini na kupanda milima ya miungu, na mmoja wao akatafuta huko silaha za mbinguni, ni Pandava, wana wa mfalme Pandu kwa jina, ingawa waliowazaa ni miungu, ambao habari zao zimo katika Mahabharata, utendi mkuu wa Kisanskriti wenye vitabu 18. Safari yao ya milimani imo katika kitabu cha tatu, kiitwacho Vana Parva, yaani kitabu cha msitu. Sikutajii hayo ili uache kazi yako, bali kwa sababu watunzi wa utendi ule walikabiliwa na ugumu uleule unaokusumbua wewe, na njia waliyoipata sijaona iliyoizidi. Waliwaingiza watu wa nyumba moja katika nchi ileile iliyokatazwa kwa namna tatu tofauti, na kila mmoja akajibiwa kwa kadiri ya alivyoingia. Sisi tuliokuzwa kwa adabu ya kupiga hodi tunalifahamu jambo hili bila kufundishwa: kizingiti ni kilekile, lakini mwenye nyumba hampokei kwa sura moja aliyeita hodi mara tatu akasubiri, na aliyeusukuma mlango.

Nianze na sababu ya uhamisho, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona kasoro ya kwanza ya rasimu yako. Yudhishthira, mkubwa wa ndugu, aliuweka rehani ufalme wake katika mchezo wa dadu dhidi ya Shakuni, mjomba wa Duryodhana, binamu na hasimu wa Pandava, akapoteza mali, ndugu zake, nafsi yake, na hatimaye Draupadi, mke wa ndugu wote watano, ambaye alidhalilishwa mbele ya baraza zima la Hastinapura, mji mkuu wa ukoo wao. Mchezo wa pili ndio uliowapeleka porini kwa miaka 12, na mwaka wa 13 waishi mahali bila kutambuliwa na mtu. Hila ilikuwapo, na utendi hauifichi; lakini aliyekubali kuketi kucheza, mara mbili, ni Yudhishthira mwenyewe, na huko porini Draupadi na Bhima, wa pili kati ya ndugu, wanamweleza hivyo waziwazi, kwa maneno makali ambayo hana jibu jepesi la kuyakabili. Mhamishwa mwenye sehemu yake ya kosa ndani ya dhuluma aliyotendewa ana sababu ya kutetemeka anapofika mbele ya miungu, kwa kuwa hajui watamhesabia lipi. Wahamishwa wako hawana kosa hata moja, na mtu asiye na kosa hana la kuogopa langoni. Msomaji naye, anayetembea nyuma yao, haogopi.

Wa kwanza kuingia ni Arjuna, mpiga upinde, naye anakwenda peke yake. Anavuka Himalaya mpaka mlima Indrakila, na hapo anasikia sauti ikimwamuru asimame. Chini ya mti ameketi mtawa aliyekonda, mwenye nywele zilizosokotana, anayemwambia kwamba hapa ni mahali pa watu watulivu waliokwisha kushinda hasira na furaha, kwamba silaha haina kazi hapa, na kwamba autupe upinde wake. Arjuna hautupi. Mtawa huyo ni Indra, mfalme wa miungu, na baba yake Arjuna; anatabasamu, anajitambulisha, na anampa nafasi ya kukaa mbinguni. Arjuna anakataa, akisema kwamba hataki raha ya mbinguni wala enzi ya miungu iwapo ndugu zake watabaki porini na kisasi hakijalipwa. Jaribio la lango la kwanza, basi, ni kumpa mhamishwa raha kubwa kiasi cha kumsahaulisha alichokuja kukitafuta. Hakuna mkuki hapo, wala jitu la kutisha, na bado ninaliona kuwa mojawapo ya malango magumu kuliko yote niliyowahi kuyasoma, kwa sababu anayelinda mlango anampenda anayeingia.

Indra anamwambia kwamba silaha atazipata baada ya kumwona Shiva, mmoja wa miungu wakuu. Kwa miezi minne Arjuna anajinyima: mwezi wa kwanza anakula matunda kila baada ya siku tatu, wa pili kila baada ya siku sita, wa tatu anakula majani yaliyoanguka mara moja kila nusu ya mwezi, na wa nne anaishi kwa hewa tu, ameinua mikono, amesimama kwa ncha za vidole vya miguu. Kisha nguruwe mwitu, ambaye ndani yake ni pepo, anamjia kwa kasi, na mwindaji wa msituni anatokea upande wa pili. Mishale miwili inampata mnyama kwa wakati mmoja, na ugomvi unazuka juu ya nani mwenye windo. Arjuna anarusha mishale mpaka podo zake, ambazo kwa kawaida hazikauki, zinakauka. Anapigana kwa upinde, na upinde unanyakuliwa. Upanga wake unavunjika juu ya kichwa cha mwindaji. Miti na mawe havifai kitu. Na wanaposhikana kwa mieleka anabanwa mpaka anazimia. Mwindaji ni Shiva, ambaye anajidhihirisha baada ya hapo na kumpa silaha yake kuu, Pashupata.

Lisome tena tukio hilo kwa utaratibu, maana ndani yake mna jibu la nusu ya swali lako. Shujaa wako anapata silaha baada ya kuwashinda walinzi, na kwa hiyo kila pigo analolipiga linapunguza thamani ya kile anachokwenda kupewa: silaha ya watu waliopigwa itamsaidia nini? Arjuna anaipata baada ya kushindwa na yuleyule anayempa. Ushujaa wake umeonekana wote, hakuna alichokibakiza, na bado mungu amebaki mungu. Kisa hiki kilivuka bahari mapema. Katika karne ya 11, huko Java, mshairi Mpu Kanwa alikitungia utenzi uitwao Arjunawiwaha katika enzi ya mfalme Airlangga, ambaye katika ujana wake kasri alimoishi liliteketezwa, akakimbilia msituni na kuishi kwa watawa kabla ya kurudi na kuijenga upya dola. Kwa mfalme wa namna hiyo, habari za mhamishwa aliyejinyima mlimani hazikuwa njozi ya mbali, na ningependa uandike kwa kumfikiria msikilizaji kama yeye.

Njia ya pili ni ya Yudhishthira, nayo ina kelele ndogo kuliko zote. Mtawa Lomasha, ambaye amemwona Arjuna ameketi pamoja na Indra mbinguni, anakuja kuwaongoza waliobaki katika ziara ya mahali patakatifu, na neno lake la kwanza kwa mfalme ni kwamba apunguze msafara, kwa kuwa aliye mwepesi huenda popote. Yudhishthira anawaaga waliomfuata: wasioweza kuvumilia njaa, kiu na baridi, wapendao vitamu na vyakula vya kupikwa, wote warudi mjini kwa mfalme Dhritarashtra, baba yake Duryodhana. Wanapofika chini ya milima mirefu wanamwachia Subahu, mfalme wa Kulinda, magari, wapishi na watumishi waliosalia. Wakiwa juu, kwenye mlima Gandhamadana, dhoruba inawapiga na Draupadi anaanguka kwa uchovu. Anayewaokoa ni Ghatotkacha, mwana wa Bhima aliyezaliwa na mama wa kabila la rakshasa, yaani mazimwi, ambaye anambeba Draupadi huku wenzake wakiwabeba wengine mpaka mahali patakatifu pa Badari. Hivyo mfalme huyu anaingia nchi ya miungu akiwa amepungukiwa na kila kitu cha kifalme, na mkewe amebebwa mabegani mwa mtu ambaye baraza la Hastinapura lisingemkaribisha hata uani. Uhamisho ulikwisha kumwondolea mengi, na mlima unamwondolea yaliyobaki. Katika rasimu yako, orodhesha kila ndugu ameacha nini katika kila kituo. Kama hakuna kilichoachwa, hakuna mpaka uliovukwa.

Sasa nije kwa Bhima, ambaye ndiye anayefanana na shujaa wako, na ambaye utendi unampenda sana bila kumficha makosa yake. Upepo unamletea Draupadi ua moja la yungiyungi lenye harufu isiyo ya duniani, naye anamwomba Bhima amletee mengine. Bhima anapanda akivunja miti, akinguruma, akiwatimua tembo na simba, mpaka anafika kwenye msitu wa migomba ambako nyani mzee amelala kuikata njia. Nyani anamwambia kwamba kutoka hapo ni njia ya miungu, ambayo binadamu hawezi kuipita, na kwamba arudi. Bhima anataka apishwe. Nyani anasema kwamba uzee umemlemea, hawezi kuinuka, basi ausogeze mkia wake na kupita. Bhima anaushika kwa mkono wa kushoto, kwa dharau, haujongei. Anaushika kwa mikono miwili, macho yakimtoka, jasho likimtiririka, haujongei. Ndipo anapoinamisha kichwa kwa aibu na kuuliza, kwa mara ya kwanza, "Wewe ni nani?" Ni Hanuman, mwana wa mungu wa upepo, ambaye ndiye aliyemzaa Bhima pia, na kwa hiyo ni kaka yake kwa baba.

Siwezi kusisitiza vya kutosha ubora wa mlinzi huyu. Hakuinua hata kidole, wala hakumjeruhi aliyekuja kwa fujo, na sababu yake ya kuziba njia inageuka kuwa huruma: asingependa mdogo wake alaaniwe au ashindwe huko mbele. Anamweleza habari za enzi nne za dunia, anamwonyesha umbo lake kubwa, anaahidi kuketi kwenye bendera ya Arjuna siku ya vita na kutia ngurumo yake juu ya ngurumo ya Bhima, kisha anamwonyesha njia ya kuelekea bustani ya Kubera, mungu wa mali, akimwonya asiyachume maua kwa pupa, kwa kuwa miungu wanastahili heshima ya wanadamu. Walinzi wako wa lango wana majina, silaha na idadi, lakini hawana undugu na yeyote. Mpe mmoja wao undugu na mmojawapo wa ndugu watano, na utaona jinsi sura ile itakavyobadilika yenyewe.

Bhima, hata hivyo, hafuati onyo. Kwenye ziwa la maua, walinzi wa kirakshasa wanamwambia aombe ruhusa kwa Kubera, kama wanavyofanya hata miungu. Anajibu kwamba hamwoni Kubera hapo, na hata angemwona asingemwomba, kwa kuwa watu wa ukoo wa vita hawaombi. Tena ziwa limetokana na maporomoko ya mlima, kwa hiyo ni mali ya viumbe vyote sawa na lilivyo mali ya Kubera. Hoja hiyo si dhaifu, na sifa moja ya utendi ule ni kwamba aliyevunja mwiko anaachiwa kusema la maana. Anapigana, anawaua walinzi wengi, na wengine wanakimbia kupeleka habari. Kubera anacheka na kusema kwamba achukue maua kadiri apendavyo kwa ajili ya Draupadi. Lakini Yudhishthira, anapofika na kuiona miili, anamkemea ndugu yake na kumtaka asirudie tendo kama hilo ikiwa anataka kumpendeza.

Anarudia. Baadaye, wakiwa kwa mtawa Arshtishena, ambaye amewaambia wazi kwamba mbele ya hapo ni uwanja wa miungu na kwamba mtu anayethubutu kupita hupigwa na rakshasa kwa vyuma, Bhima anapanda tena na kumuua Maniman, rafiki mpenzi wa Kubera. Safari hii mungu anakuja mwenyewe, na hapo msomaji anashika pumzi. Kubera anasamehe, na sababu ya msamaha wake ni ya zamani kuliko Bhima: siku moja Maniman, akipita angani, alimtemea mate kichwani mtawa Agastya aliyekuwa amesimama katika kujinyima kando ya mto Yamuna, na Agastya akalaani kwamba Maniman na askari wake watauawa na binadamu, na kwamba Kubera atakombolewa na kosa lile siku atakapomwona binadamu huyo. Bhima alidhani amelivunja lango kwa misuli yake, kumbe alikuwa akilipa deni la watu asiowajua. Kisha Kubera anamgeukia Yudhishthira na kumwambia kwamba ndugu yake huyu hajui haki, ana kiburi, akili zake ni za mtoto, hana subira wala hofu, na kwamba amdhibiti.

Hivi ndivyo miungu wanavyobaki na hadhi hata walinzi wao wanapoanguka: ushindi wa binadamu unakutwa umo ndani ya hesabu kubwa zaidi, na aliyeshinda anaambiwa ukweli juu yake mwenyewe mbele ya kaka yake. Ukiwa na nafasi ya kurekebisha jambo moja tu, rekebisha hilo. Mpe mungu wako historia iliyoanza kabla ya wahamishwa kuzaliwa.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya Wahindi peke yao. Wanyanga wa mashariki mwa Kongo, katika nchi ambayo leo Kiswahili kinasikika sokoni na makanisani, wana utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Shé-Kárisi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Mwindo amekataliwa na baba yake tangu kuzaliwa, amefungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Anapomfuata baba huyo mpaka kuzimu kwa Muisa, mtawala wa huko, anayemwokoa ni Kahindo, binti wa Muisa mwenye vidonda, ambaye Mwindo anamwosha, naye anamfundisha nini asikubali atakapokaribishwa: asikae anapoonyeshwa, asinywe pombe ya ndizi. Adabu ya kuingia tena, mwaona. Na baadaye, Mwindo anapoua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, yaani Radi, anachukuliwa juu angani kwa mwaka mzima, apigwe na baridi na mvua, aonywe na Mwezi na Jua, na arudi akiwa amekatazwa kuua wanyama. Bhima alimuua rafiki wa mungu akasamehewa kwa sababu ya deni la kale. Mwindo alimuua rafiki wa mungu akaadhibiwa mpaka akawa mtawala bora. Njia zote mbili ziko wazi kwako, na ya pili iko karibu zaidi na lugha unayoiandikia.

Liko pia suala la kile wanachotoka nacho. Arjuna anarudi kwa ndugu zake ndani ya gari la Indra, baada ya miaka mitano mbinguni, na asubuhi moja Yudhishthira anaomba aonyeshwe silaha. Arjuna anapoanza tu kuziandaa, ardhi inatetemeka chini ya miguu yake, mito na bahari vinachafuka, upepo unasimama, jua linapoteza mwanga. Mtawa Narada anatumwa kumzuia: silaha hizi hazitupwi pasipo shabaha, na hata shabaha ikiwapo, hazitupwi mpaka mtu awe amebanwa sana. Marufuku ya nchi, kwa hiyo, imetoka pamoja na mhamishwa na kumfuata mpaka duniani. Katika rasimu yako marufuku inaishia langoni, na ndiyo maana sura za baada ya hapo zinalegea.

Ukitaka kuona mwiko kama huo ukiwa hai leo, tazama mlima Kailash huko Tibet, ambao Wahindu wanauamini kuwa makao ya Shiva. Una urefu wa mita 6,638, mdogo kuliko vilele vingi vilivyokwisha kukwewa, na bado hakuna anayejulikana kuwa amefika kileleni. Wahindu, Wabuddha, Wajaini na wafuasi wa dini ya Bon wanauzunguka kwa miguu, mwendo wa kilomita zipatazo 52, wakipita vipito vyenye hewa haba, na kurudi makwao bila kuukwea. Wanaoitunza marufuku ile zaidi ya wote ni haohao wanaotamani kuukaribia mlima. Katika nchi yako ya miungu sikuona mtu hata mmoja anayeishi karibu na mpaka na kuupenda. Weka kijiji hapo, wenye desturi zao za kufika mpaka wapi na kugeukia wapi, na marufuku itaanza kutisha kabla hujamleta mlinzi yeyote.

La mwisho ni kuamua mapema kama ndugu hao watapita njia ile mara moja au mara mbili. Pandava walipita mara mbili. Katika kitabu cha 17, vita vimekwisha, wamezeeka, nao wanauacha ufalme kwa hiari yao na kuanza safari ya kuuelekea mlima Meru, si ule wa Afrika Mashariki, bali mlima wa miungu katika masimulizi ya Kihindi. Agni, mungu wa moto, anawazuia njiani na kumdai Arjuna upinde wa Gandiva, kwa kuwa aliuazima kwa Varuna, mungu wa maji, kwa ajili yake. Arjuna anautupa majini pamoja na podo zake mbili. Kisha, kwenye njia ya mlimani, wanaanguka mmoja mmoja, Draupadi kwanza, Bhima mwisho, kila mmoja kwa kosa lake, na Yudhishthira anafika mbele ya gari la Indra akiwa na mbwa tu aliyewafuata kutoka mjini, ambaye Yudhishthira anakataa kumwacha hata kwa bei ya mbingu. Mimi ningekushauri utaje tangu sura ya kwanza ni nani mwenye silaha ile na lini ataidai, hata kama riwaya yako itakoma kabla ya siku ya kuirudisha.